Nafasi ya Leonardi

Alhamisi ile jumuiya ilisali nyumbani kwa Isdori, kwa sababu Isdori mwenyewe hakuweza kwenda popote. Mguu wake wa kulia ulikuwa bado umefungwa plasta kutoka kwenye paja hadi kwenye kifundo, nao ulikuwa umewekwa juu ya kigoda kama mgeni wa heshima. Ilikuwa mwisho wa Julai. Upepo wa Ufipa ulipita chini ya mlango, na akina mama wa mtaa wa Chanji waliofika mapema walijibana ukutani, vitenge juu ya sweta.

"Leo hatuombi kitu," alisema Kristiana, mwenyekiti wa jumuiya, baada ya rozari. "Leo ni kushukuru tu. Kila mmoja aseme Mungu amemtendea nini."

Coleta, mke wa Isdori, alisimama wa kwanza. Nyumba ilikuwa yake, na shukrani kubwa ilikuwa yake.

"Mnanijua," alisema. "Kila asubuhi kabla sijawasha moto namwambia Mungu asante. Tangu nikiwa msichana. Lakini zamani nilikuwa nasema kwa mazoea, kama mtu anavyomsalimia jirani. Sasa ndiyo najua ninachokisema. Watu saba wamezikwa kutokana na lile lori. Mume wangu amerudi, huyu hapa mnamwona. Mungu alimchagua. Mimi nimlipe nini?"

Akina mama walipiga vigelegele vya chinichini, vya kiibada. Isdori aliangalia plasta yake.

Shukrani zikazunguka. Mmoja alishukuru kwa maharage, mwingine kwa mtoto aliyepona surua. Zikamfikia Margareth, aliyekaa karibu na mlango na kitambaa cheusi kichwani. Margareth alikuwa mjane wa Leonardi, mmoja wa wale saba. Nyumba yake ilikuwa ya pili kutoka pale. Leonardi na Isdori walifanya kazi pamoja katika ghala la ushirika miaka kumi na moja, na ghala lilipofungwa, wafanyabiashara walipoanza kununua mazao wenyewe mashambani, wote wawili walipunguzwa kazi siku moja. Tangu hapo walikuwa wakishuka pamoja bondeni Muze kununua mchele na kuupandisha mjini.

"Nashukuru," alisema Margareth. "Watoto wameamka salama."

Akaketi. Ingeishia hapo, lakini Kristiana alikuwa mtu asiyeacha ukimya upite bila kuutia fundisho.

"Tumshukuru Mungu, na tujifunze," alisema. "Mali inapita, ndugu zangu. Mtu ana nafasi nzuri, anakaribishwa mbele akae kwa raha, anasema hapana, nikalinde magunia yangu. Hapo Mungu alaumiwe kwa lipi?"

Hakumtazama Margareth. Wengine wote walimtazama.

Habari hiyo Chanji nzima waliijua. Lori lilipokuwa likipanda mlima kutoka Muze, gia ilichomoka. Likarudi kinyumenyume hadi ukingoni, likapinduka. Utingo aliyeruka na kigogo chake kuzuia gurudumu alikufa wa kwanza, dereva akafa njiani kupelekwa hospitali, na waliokuwa juu ya mzigo walirushwa korongoni pamoja na magunia. Wawili kati yao walipona, lakini hao walikuwa wamepandia njiani, hawakujua nani alikuwa amekaa wapi tangu mwanzo. Habari za Leonardi zilitoka kwa Isdori, ambaye alikuwa mbele: kwamba Leonardi alikataa kukaa mbele, akapanda juu kuulinda mchele wake.

Margareth alichukua kitenge chake, akainama kidogo kwa heshima, akatoka. Mlango aliurudisha taratibu, kama mtu anayetoka katika chumba chenye mgonjwa.

Jioni hiyo jua lilikuwa bado halijatua Coleta alipotenga ugali na dagaa. Nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Kabla ya kunawa, kila mtu alitaja jambo moja la siku hiyo la kumshukuru Mungu, hata liwe dogo namna gani. Fortunata, binti yao wa miaka kumi na minne, alisema haraka kwa njaa:

"Nashukuru baba yupo."

Isdori aliirudisha mikono aliyokuwa ameanza kuinyoosha kwenye bakuli la maji.

"Kuleni ninyi," alisema.

"Mguu unauma?" Coleta aliuliza.

"Hauumi."

"Sasa ni nini? Tangu watu waondoke hujafungua mdomo. Hata Kristiana amekuaga, hukumjibu."

Isdori alimtazama binti yake. "Fortu, kachukue kuni ndani, uweke jikoni."

Binti alijua kuni zipo tayari jikoni, lakini aliondoka. Isdori alisubiri mpaka nyayo zake zikapotea.

"Ile nafasi ilikuwa yake," alisema.

"Nafasi gani?"

"Ya mbele. Leonardi alikuwa ameilipia tangu asubuhi. Si unajua kifua chake? Upepo wa juu ulikuwa ukimmaliza, kila safari alikuwa anakaa mbele. Mimi ndiye nilikuwa nipande juu. Homa ikanishika pale Muze sokoni, natetemeka mpaka meno yanagongana. Yeye alikuwa ameshakaa. Akafungua mlango, akashuka. Akaniambia, panda."

Coleta alibaki na mwiko mkononi.

"Na magunia?"

"Magunia yalikuwa yamefungwa kamba, yametulia. Hakuna mtu aliyetaja magunia ila mimi."

"Baba Fortunata!"

"Ngoja nimalize. Flavian alikuja hospitali siku ya pili, akitafuta maiti ya kaka yake. Akasimama pale miguuni pa kitanda. Akaniuliza, 'Kaka alikuwa anafanya nini juu, na kifua kile?' Macho yake yalikuwa yananiangalia mimi niliye hai. Mdomo ukajisemea wenyewe. Nikasema alitaka kulinda mchele. Nilidhani ni neno dogo. Nilidhani litafia pale pale wodini."

"Halikufa."

"Halikufa. Nililikuta nje likinisubiri."

Coleta aliweka mwiko chini. Alitaka kulia akashindwa, akataka kukasirika, hasira nayo ikakosa pa kushika, maana huyu ndiye mtu aliyemwombea kwa wiki sita asife.

"Leo nimesimama mbele ya Margareth," alisema hatimaye, "nikamwambia Mungu alikuchagua wewe. Kumbe aliyekuchagua alikuwa mume wake."

Fortunata alikuwa jikoni, ukuta mmoja tu. Alisikia kila neno, na dagaa zilipoa bila kuguswa.

Asubuhi Coleta alipiga magoti kando ya mafiga kama kawaida. Alisema "Asante," kisha neno lililofuata halikuja. Alikaa pale mpaka baridi ya sakafu ikampanda magotini. Alikuwa amezoea kumshukuru Mungu kwa vitu alivyovijua, mvua, uji, pumzi. Sasa kila alichotaka kukishika kilikuwa na mkono wa Leonardi upande wa pili. Akainuka, akachukua ndoo.

Bombani foleni ilikuwa ndefu. Margareth alikuwa mbele yake kwa watu watatu, lakini alipomwona Coleta aliirudisha ndoo yake nyuma, wakasimama pamoja.

"Umeamkaje, Mama Fortunata? Shemeji mguu?"

"Anaendelea."

"Jana usinione nimetoka vile. Sikumkasirikia Kristiana." Margareth alikuwa akizungumza akiangalia maji. "Aliyoyasema ni ya kweli. Nami nayasema peke yangu kila siku. Gunia nne, mama. Nne tu. Mtu ana watoto watatu, ana mke, anajua kifua chake kibovu, anapanda juu ya lori kwa ajili ya gunia nne."

"Mama Scola..."

"Wenzake shuleni wamempa Scola jina. Wanamwita Mchele. Juzi amerudi, ananiuliza, 'Mama, baba alitupenda?' Nikamwambia kalale."

Coleta alifungua kinywa. Maneno yalikuwa pale pale ulimini. Lakini alijiona kama mtu anayetaka kumpa mwenzake kitu cha wizi, na mwizi yuko nyumbani amekaa, mguu juu ya kigoda. Akafunga kinywa, na tangu siku hiyo hakuacha kujuta kwamba alikifunga, hata kama ilikuwa kwa siku moja tu.

"Kesho shemeji yangu Flavian anakuja," Margareth aliendelea. "Tunahamia Mwazye, kijijini kwao. Hapa nitakula nini? Wewe endelea kumshukuru Mungu, una sababu. Mimi nikipiga magoti namuuliza tu kwa nini alinipa mume mjinga."

Zamu yake ikafika. Akajitwika ndoo, akaenda bila kumwaga tone.

Coleta alirudi nyumbani akiwa na ndoo tupu. Aliacha foleni.

"Utamwambia," alimwambia mumewe.

"Mama Fortunata, fikiri. Flavian ataniua."

"Hatakuua."

"Basi watanionaje? Jumapili padri anataka nitoe ushuhuda. Ametangaza. Misa ya shukrani, kanisa zima."

"Ndiyo hiyo sadaka ya mchele uliyoniambia niiandae? Sitaibeba. Na wala sitakupikia ushuhuda huo." Sauti ya Coleta haikupanda. "Rehema ya Mungu ilikujia kwa mkono wa mtu. Na mtu mwenyewe umemchafua. Sasa mimi nishukuru nini? Nikisema asante nakuwa nakusaidia kusema uongo, tena kwa Mungu. Mke wake anamlaani usiku na mchana. Mke wake, Baba Fortunata! Mwanaye anauliza kama alipendwa."

Isdori alijifunika uso kwa viganja. Mabega yake makubwa, yaliyobeba magunia ya ushirika miaka yote ile, yalianza kutikisika. Coleta hakwenda kumshika. Alisimama mlangoni, na alipokuwa amesimama pale aliona kwamba Fortunata yuko uani naye analia, huku akijifanya anafagia.

Jumamosi saa nne asubuhi pikapu ilisimama mbele ya nyumba ya Margareth. Ilikuwa ya Zubery, mfanyabiashara wa mjini aliyekuwa akinunua mchele wa Leonardi na Isdori. Alikuja nayo mwenyewe, akakataa kulipwa hata mafuta. "Marehemu hakuwahi kunichanganyia mchele na chuya," alimwambia Margareth. "Acha nikupeleke." Flavian, mdogo wake Leonardi, alikuwa juu ya pikapu akifunga kitanda kwa kamba. Kristiana na akina mama wengine wa jumuiya walikuwa wakitoa vyombo.

Isdori alitokea barabarani na mikongojo miwili, Coleta nyuma yake. Umbali ule mfupi ulimchukua muda mrefu. Watu walimwona tangu alipotoka mlangoni kwake, wakaacha kazi, na Kristiana akasema kwa sauti ya furaha, "Tazameni Mungu alivyo mwema, ameanza kutembea!"

Isdori aliendelea kuja. Alifika katikati ya ua, akasimama kwenye jua.

"Flavian, shuka," alisema. "Nina neno la kaka yako."

Flavian alishuka, akifuta mikono kwenye suruali. "Shikamoo, kaka."

Isdori alishindwa kuitikia. "Nilikudanganya pale hospitali," alisema. "Leonardi hakupanda juu kwa ajili ya magunia. Alikuwa ameketi mbele, mahali pake alipolipia. Nilikuwa na homa. Akashuka, akanipa nafasi yake. Yeye akapanda juu. Hayo ya mchele niliyatunga mimi."

Sufuria aliyoishika mmoja wa akina mama ilianguka, ikabingirika hadi ukutani. Kisha Flavian alimshika Isdori kifuani kwa sweta, mkongojo mmoja ukaanguka, na Isdori akabaki ananing'inia mikononi mwake.

"Rudia!" Flavian alisema. "Rudia mbele ya hawa! Nimekaa msibani siku zote zile nasikia watu wanamcheka kaka yangu. Mimi mwenyewe nimemcheka! Rudia!"

"Alinipa nafasi yake," Isdori alisema.

Zubery aliingia katikati, akaitoa mikono ya Flavian taratibu, kidole kwa kidole. "Basi, ndugu yangu. Basi. Amesema. Mwache."

Margareth alikuwa mlangoni, ameshika godoro la watoto. Aliliegemeza ukutani, akaja mpaka mbele ya Isdori.

"Alisema nini?" aliuliza.

"Nani?"

"Mume wangu. Aliposhuka. Alisema nini? Usiniongezee, usinipunguzie."

"Alisema, 'Panda, wewe mgonjwa. Mimi wacha nipate hewa.'"

Margareth alitoa sauti iliyokuwa kama kicheko. "Nipate hewa," alirudia. "Kifua kile. Nipate hewa!" Akakaa chini pale pale kwenye vumbi, miguu imenyooka, akaweka mikono kichwani. "Huyo ndiye. Huyo ndiye Baba Scola mwenyewe. Ndivyo alivyokuwa anasema uongo, akitaka kukupa kitu."

Ndipo akalia, kilio ambacho wakati wa mazishi kilikuwa kimekataa kutoka. Coleta alipiga hatua kumwendea, lakini Margareth aliinua kiganja.

"Wiki sita nimemkasirikia maiti," alisema. "Arobaini yake sikumwaga chozi, watu wakaniona nina moyo mgumu. Nililala nikimtukana. Na wewe ulikuwa pale, nyumba ya pili, unanisikia."

"Nisamehe, shemeji," alisema Isdori.

"Leo siwezi. Usisimame hapo unasubiri, mguu utakuuma."

Kristiana alikuwa analia naye. Alikuja akainama karibu. "Mama Scola, mimi nami nilisema... Tumshukuru Mungu kwamba ukweli..."

"Kristiana, nyamaza," alisema Margareth, bila ukali wowote. Kisha akamwita binti yake. "Scola! Njoo hapa. Njoo usikie habari za baba yako."

Na Isdori aliambiwa aseme tena, mara ya tatu, mbele ya msichana wa miaka kumi na moja. Hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote.

Jumapili alisema tena, kanisani, baada ya matangazo. Padri alikuwa amemwita mbele atoe ushuhuda wa shukrani. Aliongea maneno machache sana, mengi yakiwa jina la Leonardi. Alipomaliza kwaya haikujua iimbe nini. Akarudi kwenye benchi lake akigonga mikongojo, na kanisa zima lilisikia kila hatua.

Chanji haikumsamehe upesi. Wachuuzi wenzake walikataa kushuka naye Muze. Walisema mtu wa aina hiyo hana bahati ya gari. Dukani watu waliacha kuongea alipoingia. Zubery alimpa kazi ya kushona magunia, kazi ya kukaa, na hakumwambia kwa nini. Jumuiya iliendelea kusali nyumba kwa nyumba, lakini zamu ya nyumba yao ilirukwa mara mbili. Coleta hakulalamika. Asubuhi alipiga magoti kando ya mafiga, akasema asante, na safari hii neno lililofuata lilikuwa "Leonardi." Baada ya hapo aliweza kuendelea na mengine. Siku nyingine aliyasema akilia. Aligundua kwamba shukrani na kilio vinaweza kukaa kinywa kimoja, na kwamba pengine ile aliyokuwa anaisema tangu usichana ilikuwa nyepesi kwa sababu hakuwahi kuuliza nani amelipa.

Mwishoni mwa Novemba mvua za kwanza zilipoanguka, yeye na Isdori walikwenda Mwazye na majembe mawili. Hawakuwa wamealikwa. Isdori alikuwa anatembea kwa fimbo moja, mguu umepona kwa kupinda. Walimkuta Margareth shambani, peke yake, akipanda mahindi kwenye shamba la ukoo lililokuwa kubwa kuliko nguvu zake. Flavian alikuwa na lake ng'ambo ya kijito. Aliinua kichwa akawaona, akaendelea kulima.

"Margareth, habari za kazi," alisema Coleta.

"Nzuri."

Hakuwaambia karibu, wala hakuwaambia ondokeni. Walisimama kidogo. Kisha Coleta alivua kandambili zake, akaanza mstari wa pili kutoka ule wa Margareth. Isdori alianza wa tatu. Alikuwa analima amepiga goti moja, maana kuinama kulimshinda, na goti hilo lilizama kwenye udongo uliolowa.

Walilima mpaka jua likafika juu. Mchana Scola alileta ugali na maharage. Margareth alikula upande wake, karibu na mbegu. Aligawa chakula sehemu mbili sawa, akamtuma binti apeleke moja kule.

"Mpelekee na maji, anawe," alisema. Hakutaja nani.

Scola alimimina maji, na Isdori akainamisha kichwa alipokuwa ananawa, asimwangalie mtoto usoni. Mtoto ndiye aliyemwangalia. Alimwangalia muda mrefu, kama mtu anayepima kitu, kisha akasema, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," Isdori alisema, na chakula kile alikila kwa shida.

Mawingu yalianza kukusanyika upande wa bonde. Coleta alikusanya majembe. Njia ya kwenda kwa dada yake Isdori, walikofikia, ilikuwa ndefu, na mguu ule ulihitaji muda. Walimuaga Margareth, naye akaitikia kwa kichwa. Walikuwa wameshafika kwenye mpaka wa shamba walipomsikia.

"Isdori!"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa Margareth kutaja jina lake tangu siku ya pikapu. Isdori aligeuka. Margareth alikuwa amesimama kati ya mistari, mkono kiunoni, mwingine umeshika kibuyu cha mbegu. Uso wake ulikuwa ule ule, mgumu, umechoka.

"Ile sehemu ya kichuguu imebaki," alisema. "Kesho mje mapema, kabla ardhi haijakauka."

Coleta ndiye aliyejibu.

"Tutakuja."

Margareth alikuwa ameshageuka, anaendelea kupanda, mbegu mbili mbili kila shimo, akizifukia kwa mguu.